Sentimita Moja ya Jamvi, Mifuko Sita ya Saruji: Kukadiria Vifaa kwa Eneo na Unene

Jamvi, yaani sakafu ya zege, la nyumba ya mjomba wangu kule Tandahimba lina ufa ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Unakatiza korido na kuingia chumba cha nyuma. Ardhi haikutitia na saruji haikuwa mbovu. Fundi alitazama msingi, akasema mifuko hamsini inatosha, mjomba akanunua hamsini. Saa kumi alasiri mifuko ikaisha, robo ya nyumba ikiwa bado udongo mtupu. Duka la karibu lilikuwa limemaliza saruji, gari likaja kesho yake saa nne asubuhi. Zege jipya likamwagwa ubavuni mwa lile lililokwisha kushika, na pale yalipokutana ndipo palipopasuka.

Siku chache baadaye nilipima jamvi lile kwa tepu na kukaa chini na daftari. Hesabu ilinichukua dakika kumi. Jibu lilikuwa mifuko sitini na sita. Tangu siku hiyo sikubali ndugu yangu anunue mfuko hata mmoja kabla hatujapima, na nyumba ya mjomba ndiyo nitakayoitumia hapa kama mfano kuanzia kifusi hadi lipu.

Vifaa vya kazi ni vichache: tepu ya mita, kamba ya fundi, mpira wa maji wa kupimia usawa, daftari, na simu yenye kikokotoo.

Hatua ya 1: Shika kipimo kimoja

Fundi wetu hupima urefu kwa futi, unene kwa inchi, na mwenye lori huuza kwa mita za ujazo. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Nimewahi kuona daftari ambamo mtu amezidisha mita kwa inchi, akapata jamvi la kumtosha mkuu wa mkoa na wilaya zake zote.

Badilisha kila kitu kiwe mita kabla ya kuzidisha. Futi moja ni mita 0.305. Inchi mbili ni mita 0.05, inchi tatu ni 0.075, inchi nne ni 0.10 na inchi sita ni 0.15. Kama desimali zinakusumbua, tumia njia hii, ambayo haijawahi kunitupa: chukua eneo kwa mita za mraba, zidisha kwa unene wa sentimita, gawanya kwa 100. Utapata mita za ujazo moja kwa moja.

Hatua ya 2: Pata eneo

Nyumba ya mjomba ni rahisi: mita 10 kwa mita 9, yaani mita za mraba 90. Nyumba yenye baraza lililochomoza au umbo la herufi L igawe vipande vya mstatili, pima kila kipande, kisha jumlisha. Baraza la nusu duara lichukulie kama mstatili, uzidishe kwa 0.79.

Muulize fundi swali moja kabla ya kupima: jamvi litamwagwa juu ya kuta za msingi, au litakaa ndani yake? Likikaa ndani, pima kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani. Katika nyumba yenye kuta nyingi tofauti hiyo si ndogo.

Hatua ya 3: Unene upime mwenyewe

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa inapopotelea.

Urefu na upana huonekana, na akikosea mtu kwa nusu mita kila mmoja atashtuka. Unene umefichwa. Fundi akisema inchi nne, wewe unaandika sentimita 10, lakini kifusi kilichoshindiliwa hakijui umeandika nini. Kina mabonde na vichuguu, na zege hujaza kila bonde bila kukuuliza.

Kwa jamvi la mita za mraba 90, sentimita 10 ni ujazo wa 90 × 10 ÷ 100, yaani mita za ujazo 9. Sentimita moja zaidi ni mita za ujazo 0.9, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni karibu mifuko sita. Kidole chako kidogo kina unene unaozidi sentimita moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Kifusi kikishashindiliwa, weka alama ya uso wa juu wa jamvi kwenye kuta zote nne kwa mpira wa maji. Vuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta kwenye alama hizo, kwa urefu na kwa upana. Kisha pita na tepu ukipima kutoka kamba hadi chini, mahali pasipopungua tisa: pembeni, katikati ya kila upande, na katikati ya nyumba. Kwa mjomba vipimo vingekuwa hivi: 10, 11, 9, 12, 13, 10, 12, 11, 11. Jumla ni 99. Gawanya kwa tisa, unene wa kweli ni sentimita 11.

Palipo na 13, una njia mbili: ongeza kifusi ushindilie tena, au kubali ulipie zege. Kifusi ni rahisi kuliko saruji, ila kimwagwe siku kadhaa kabla na kimwagiwe maji, si asubuhi ile ile ya kazi. Palipo na 9 punguza udongo, kwa sababu jamvi jembamba ndilo linaloanza kupasuka.

Ujazo wa kweli basi ni 90 × 11 ÷ 100 = mita za ujazo 9.9.

Hatua ya 4: Geuza zege la majimaji kuwa vifaa vikavu

Wengi hudhani mita moja ya ujazo ya zege hutoka kwenye mita moja ya mchanga, kokoto na saruji vikijumlishwa. Jaribu mwenyewe: jaza ndoo kokoto hadi ukingoni, kisha mimina mchanga mkavu taratibu huku ukiitikisa. Mchanga utazama ndani, bakuli baada ya bakuli, na ndoo haitafurika mapema. Saruji nayo huingia kati ya punje za mchanga. Ndiyo maana vifaa vikavu huhitajika kwa ujazo wa takriban mara 1.54 ya zege unalotaka. Kwa lipu na udongo wa kujengea (saruji na mchanga wa kuunganishia matofali), ambako hakuna kokoto, mimi hutumia 1.3.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kutokana na hapo, kila mita moja ya ujazo inahitaji hivi:

- Zege la 1:2:4 (jamvi, linta ya juu ya milango na madirisha, mkanda wa kuzunguka kuta, nguzo): saruji mifuko 6.3, mchanga mita za ujazo 0.44, kokoto 0.88.
- Zege la 1:3:6 (zege la chini ya msingi): saruji mifuko 4.4, mchanga 0.46, kokoto 0.92.
- Lipu ya 1:5: saruji mifuko 6.2, mchanga 1.08.
- Udongo wa kujengea wa 1:6: saruji mifuko 5.3, mchanga 1.11.

Jamvi la mjomba sasa linajihesabu lenyewe. Saruji: 9.9 × 6.3 = mifuko 62.4. Mchanga: 9.9 × 0.44 = mita za ujazo 4.4. Kokoto: 9.9 × 0.88 = mita za ujazo 8.7.

Ongeza kinachomwagika, kinachobaki kwenye toroli na kinachonywewa na ardhi. Ukitandika nailoni chini, asilimia 5 inatosha kwa saruji na kokoto. Bila nailoni weka 10. Mchanga mimi huuwekea 10 daima, kwa sababu hubaki ardhini pale ulipomwagwa na hakuna anayeweza kuufagia wote. Jibu: saruji mifuko 66, mchanga mita za ujazo 4.8, kokoto 9.2.

Uwiano huo lazima pia ufuatwe kwenye kuchanganya, la sivyo hesabu yote ni bure. Kwa mfuko mmoja wa saruji, 1:2:4 ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20 zilizokatwa usawa wa ukingo. Toroli hazilingani, kwa hiyo asubuhi ya kazi jaza toroli moja kwa ndoo huku ukihesabu, kisha mwambie fundi idadi. Machepe hayahesabiki, chepe la mtu mwenye njaa na chepe la mtu aliyeshiba havilingani.

Hatua ya 5: Pima lori, usinunue jina

"Tripu" si kipimo. Likifika gari, panda na tepu. Pima bodi kwa ndani: urefu, upana, na kimo cha mchanga uliosawazishwa. Bodi ya mita 4 kwa 2, mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 60, inabeba mita za ujazo 4.8. Hapo mjomba angehitaji tripu moja ya mchanga na mbili za kokoto. Mchanga uliorundikwa katikati kama kichuguu huonekana mwingi kwa mtu aliye chini. Sawazisha kwanza, pima baadaye. Mwenye gari mwaminifu hakasiriki. Msalimie vizuri, mwambie, "Kaka, naomba nipime kidogo tujue hesabu," na kazi inaendelea.

Mchanga wenye unyevu hudanganya jicho. Maji kidogo huzishika punje zisikaribiane, na rundo huvimba kwa asilimia 20 au zaidi. Mita za ujazo 4.4 za mchanga mkavu zinaweza kuwa 5.3 mwezi wa Januari, na tripu ile moja isitoshe. Kupima uvimbe ni rahisi. Kata chupa ya maji sehemu ya juu, jaza mchanga wenye unyevu hadi sentimita 15 bila kushindilia, kisha umwage pembeni. Tia maji hadi nusu ya chupa, rudisha mchanga ule wote ndani ya maji, ukoroge utulie. Ukishuka hadi sentimita 12, umevimba kwa robo: 3 ÷ 12. Ongeza robo kwenye oda yako, na ongeza robo pia kwenye ndoo za kuchanganyia, maana vinginevyo zege litakuwa na saruji nyingi na mchanga pungufu, na mifuko itaisha kabla ya eneo.

Tukiwa kwenye mchanga: sisi wa Lindi, Mikindani na Kilwa tuna mchanga wa pwani mlangoni, na kishawishi ni kikubwa. Usiutie kwenye zege lenye nondo. Chumvi hula chuma taratibu ndani kwa ndani, nondo ikipata kutu huvimba, na linta huanza kubanduka baada ya miaka michache. Lipa gharama ya gari la mchanga wa mtoni.

Hatua ya 6: Maji nayo ni kifaa

Mtu wa Lindi mjini anaweza kuisahau hatua hii. Mtu wa Newala au Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji ya kununua ni jambo la kila siku, hawezi. Kila mfuko unataka lita 25 hadi 30 za kuchanganyia. Kwa mifuko 66 nikichukua lita 28, ni lita 1,848, yaani madumu 93 ya lita 20. Hayo yawepo uwanjani kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa. Kisha kuna maji ya kumwagilia jamvi siku saba. Tandaza mifuko mitupu au majani juu ya zege ili unyevu ukae, utatumia maji machache zaidi. Jamvi lililonyimwa maji juani hutoa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hata kama kila kipimo kingine kilikuwa sahihi.

Kifusi, msingi na matofali kwa haraka

Kifusi hupungua kikishindiliwa. Ukitaka sentimita 30 zilizoshikamana kwenye mita za mraba 90, ni mita za ujazo 27. Zidisha kwa 1.25, nunua 34. Kwa lori lile la 4.8 ni tripu saba na kidogo.

Zege la chini ya msingi: urefu wa kuta zote, kwa upana wa mtaro, kwa unene. Kuta za mjomba zina mita 60 (za nje 38, za ndani 22), mtaro sentimita 60, zege sentimita 15. Hiyo ni 60 × 0.6 × 0.15 = mita za ujazo 5.4, na kwa 1:3:6 ni mifuko 24 kabla ya nyongeza.

Tofali la inchi 6 (inchi 18 kwa 9 kwa 6) likisimamishwa, mita moja ya mraba hula matofali 9. Likilazwa, kama tunavyofanya kwenye msingi, hula 13. Hapa wengi hukosea kwa kutumia namba moja kwa nyumba nzima. Kuta za mjomba, milango na madirisha yakiondolewa, ni mita za mraba 156: matofali 1,404, na ukiweka asilimia 5 ya yatakayovunjika, 1,475. Kwa udongo wa kujengea, mfuko mmoja hujenga matofali 70 hadi 90, kutegemea fundi anaacha nafasi nene kiasi gani kati ya tofali na tofali.

Lipu: hapa ukuta uliopinda hulipiwa

Nje ya nyumba ya mjomba kuna mzunguko wa mita 38 na kimo cha mita 3, yaani mita za mraba 114. Toa milango miwili na madirisha sita, zinabaki 99. Baadhi ya watu hawatoi madirisha madogo kwa sababu pembe zake za ndani nazo hupigwa lipu, na sioni ubaya.

Sasa unene. Lipu ya sentimita 1.5 ni 99 × 1.5 ÷ 100, karibu mita za ujazo 1.5. Kwa 1:5 ni mifuko 9.2, lipu humwagika zaidi kuliko zege, weka asilimia 15, nunua mifuko 11. Lakini kama kuta zimejengwa bila timazi (kamba yenye uzito ya kupimia wima), fundi wa lipu atalazimika kujaza mabonde, na wastani unaweza kufika sentimita 2.5. Hapo ni mifuko 18. Mifuko saba imezama ukutani, upande wa nje peke yake, na kuta za ndani ambazo zina sura mbili bado hazijaguswa.

Kwa hiyo usikadirie lipu kutoka kwenye ramani. Subiri ukuta usimame, vuta kamba kutoka kona hadi kona, pima mwanya kati ya kamba na tofali mahali pengi, upate wastani kama ulivyofanya kwenye jamvi. Na ukiwa bado unajenga, simama na timazi kila kozi (mistari ya matofali) tatu. Fundi anayejenga na fundi wa lipu mara nyingi ni watu wawili tofauti, na yule wa kwanza hana sababu ya kuogopa gharama za yule wa pili. Wewe ndiye unayezibeba.

Kununua kwa wakati

Huku kwetu pesa ya ujenzi huja na korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaingia, kila mtu anakimbilia dukani, na Desemba mvua inakolea. Nimeona mifuko mia moja imerundikwa kwenye sakafu ya udongo, imeegemea ukuta, ikingoja ujenzi wa Juni. Saruji hunyonya unyevu wa hewa. Ikikaa miezi mitatu huanza kupungua nguvu, na ile ya chini hugeuka jiwe.

Hesabu kwa eneo na unene inakuwezesha kununua kwa hatua. Nunua ya msingi, maliza. Nunua ya jamvi, maliza. Kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara, hakuna haja ya kufuga saruji mwaka mzima. Pesa ya korosho ielekeze kwanza kwenye vitu visivyoharibika: kokoto, mawe, matofali, nondo zilizofunikwa. Ikikulazimu kuhifadhi saruji, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, mifuko isiyozidi kumi kwenda juu, na uifunike kwa nailoni. Angalia pia namba kwenye mfuko: 42.5 kwa zege lenye nondo, 32.5 kwa lipu na kujengea.

Siku ya kumwaga: hesabu njiani

Hata ukipima vizuri, kagua kazi ikiendelea. Panga mifuko mitupu kumi kumi pembeni, mtu mmoja azihesabu. Kwa jamvi la mjomba, mifuko 66 kwa mita za mraba 90 maana yake ni kwamba mfuko wa 22 ukiisha, theluthi moja ya nyumba, mita za mraba 30, iwe imefunikwa. Weka alama ya chaki ukutani mapema pale theluthi inapoishia.

Mfuko wa 22 ukiisha zege likiwa limefika mita za mraba 26 tu, piga hesabu papo hapo: 22 ÷ 26 × 90 = mifuko 76. Umepungukiwa na kumi. Kama mlianza saa moja asubuhi, hapo bado ni kabla ya adhuhuri na maduka yako wazi, kwa hiyo mtume kijana na bodaboda aagize mifuko kumi, na wewe chukua tepu, choma zege bichi kwa waya mahali matano uone unene unazidi wapi. Kisha mwonyeshe fundi ile kamba.